Ulikuwa Upande wa Nani? Fidia na Ushahidi wa Utii Baada ya Vita

Dai la fidia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe hubeba maswali mawili. La kwanza linahusu mali: kilichukuliwa nini, na nani, na kilikuwa na thamani gani. La pili linamhusu mdai mwenyewe: wakati risasi zinalia, alikuwa upande wa nani? Nchi mbili zinapopigana, swali hili la pili hujibiwa na uraia. Vita vinapokuwa ndani ya nchi moja, au kijiji kimoja, wakati mwingine hata nyumba moja, hakuna pasipoti inayoweza kulijibu. Serikali iliyoshinda haitaki kumlipa mtu aliyewalisha adui zake, na yule aliyewalisha kwa kuelekezewa mtutu wa bunduki hana risiti ya kuonyesha kwamba alitishwa. Ndipo mzigo wa ushahidi unapomwangukia aliyepoteza.

Mfano ulioacha kumbukumbu nyingi zaidi uko Marekani. Vita kati ya Kaskazini na Kusini vilikwisha mwaka 1865. Majeshi ya serikali yalipopita Kusini yalichukua farasi, nyumbu, mahindi, nyama na kuni, na hata mbao za uzio ziligeuzwa kuwa moto wa kupikia. Baadhi ya wenye mali hizo walikuwa wakazi wa Kusini ambao hawakuunga mkono uasi. Tarehe 3 Machi 1871 Bunge la nchi hiyo liliunda Tume ya Madai ya Kusini, yenye makamishna watatu: Asa Aldis, Orange Ferriss na James Howell, wote watu wa Kaskazini. Hadi ilipofungwa mwaka 1880, tume hiyo ilikuwa imepokea madai 22,298 yaliyofikia zaidi ya dola milioni 60. Ililipa takriban dola milioni 4.6, na wadai waliopata chochote hawakufika theluthi moja.

Wengi waliangushwa na kipimo cha utii. Haikutosha kuonyesha kwamba mtu hakushika silaha dhidi ya serikali. Alitakiwa kuthibitisha kwamba tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho moyo wake, maneno yake na kura yake vilikuwa upande wa Muungano. Maswali yaliyochapishwa yalifika 80. Je, uliwahi kuwauzia waasi chakula? Una ndugu aliyeingia katika jeshi lao, na kama yupo, ulimpa nguo, farasi au fedha? Ulijisikiaje uliposikia habari za mapigano ya Bull Run, au za kuanguka kwa Vicksburg? Mtu aliulizwa furaha na huzuni zake za miaka kumi iliyopita, akiwa amekula kiapo, na jibu lake likaandikwa. Baada yake walikuja mashahidi, kisha mawakala wa tume walipita mitaani kuwauliza majirani kwa siri. Dai lililozidi dola 10,000 lilimlazimu mdai na mashahidi wake kusafiri hadi Washington.

Katika mafaili hayo kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Miongoni mwa wadai walikuwamo watu waliokuwa watumwa vita vilipoanza. Katika wilaya ya Liberty, jimbo la Georgia, jeshi la Jenerali William Sherman lilipopita mwishoni mwa mwaka 1864 lilichukua nguruwe, kuku, mchele na farasi wa watumwa pamoja na mali za mabwana zao. Kwa hawa, utii haukuwa na ubishi mkubwa, kwani hakuna aliyetarajia mtumwa aombee ushindi wa waliomfunga. Walikwama kwenye swali la mali. Sheria ya utumwa ilikuwa imesema mtumwa hamiliki kitu, hivyo kila mmoja alilazimika kueleza alivyompata farasi wake: alilima usiku baada ya kumaliza kazi ya bwana, akauza mazao, akakusanya. Shahidi wake mara nyingi alikuwa mtumwa mwenzake, na wakati mwingine bwana wa zamani mwenyewe. Kwa hiyo kumbukumbu za tume iliyoundwa kupima utii wa wenye mali zimekuwa leo mojawapo ya hazina kubwa za historia ya maisha ya watumwa.

Afrika Mashariki ilikutana na tatizo hili kwa sura nyingine, na Ghuba ya Chole, kusini mashariki mwa kisiwa cha Mafia, ni mahali pazuri pa kulitazama. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kikaingia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1890, na kisiwa kidogo cha Chole ndani ya ghuba kikawa makao ya utawala wao kabla ya shughuli kuhamia Kilindoni. Januari 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitua Mafia na kuichukua ndani ya siku chache. Walikihitaji kisiwa ili kuifikia manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji baada ya kuizamisha Pegasus huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Ndege zilizoruka kutoka Mafia zilielekeza mizinga, na Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Delta yenyewe, ng'ambo ya mlango wa bahari, ilibaki mikononi mwa Wajerumani hadi mwaka 1917.

Maana yake kwa wakazi ni rahisi kuielewa. Kwa karibu miaka miwili, mtu wa Chole au wa kijiji cha Utende alikuwa raia wa utawala mmoja na ndugu yake wa Rufiji raia wa utawala mwingine, na tawala hizo zilikuwa zikiuana. Askari, karani au nahodha aliyemtumikia Mjerumani mwezi Desemba alijikuta mwezi Januari anahesabiwa mtu wa adui, bila yeye kubadilisha lolote. Vile havikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa maana ya kitabuni, lakini Waafrika waliojazwa pande zote mbili walipigana wao kwa wao, na vita vilipokwisha kila mmoja alimdai bwana wake.

Upande wa Waingereza deni kubwa lilikuwa la wapagazi. Waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria wanakadiriwa na wanahistoria kufika karibu 100,000. Mishahara ya maelfu yao haikuchukuliwa na mtu. Jina la mpagazi liliandikwa na karani aliyelisikia vibaya, kijiji hakikujulikana, na mjane aliyebaki nyumbani hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba namba fulani kwenye daftari ilikuwa ya mumewe. Wakuu wa makoloni walipoomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya wenyeji, Hazina ya London ilikataa. Hapa hakuna aliyetilia shaka utii wa marehemu. Karatasi tu ndiyo iliyokosekana, na kukosekana kwake kuliifutia serikali deni.

Upande wa Wajerumani deni lilichukua muda mrefu zaidi. Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na askari ambao hawakuwa wamelipwa kwa muda mrefu. Aliwaachia vyeti vya madai yao. Mwaka 1964, mwaka aliofariki, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Kisa kinachosimuliwa katika vitabu vya vita hivyo ni kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza. Wachache walikuwa na cheti, baadhi walileta vipande vya sare za zamani, wengine walikuja mikono mitupu. Mhasibu aliyetumwa kuwalipa alimpa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye kwata kama mwenye bunduki. Inasemwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa miaka 46, lakini mikono ilikumbuka.

Kenya ndiko swali la utii lilikoulizwa kwa ukali zaidi katika ukanda huu. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 dhidi ya harakati za Mau Mau, na wanahistoria wengi leo wanakubali kwamba ndani ya vita vya ukombozi kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wakikuyu. Walioingia msituni na waliojiunga na homugadi walitoka vijiji vile vile. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, familia za watu waliokuwa upande wa serikali zilichomwa ndani ya nyumba zao. Kulipiza kisasi kulikofuata kuliua watu wengi pia.

Serikali ya kikoloni iligeuza utii kuwa hati. Mtu alipitishwa kwenye mchujo: alihojiwa, majirani wakaulizwa, wakati mwingine mtoa habari aliyefunikwa gunia usoni lenye matundu ya macho akatikisa kichwa kukubali au kukataa. Aliyepita alipewa cheti cha utii. Cheti hicho kilimpa nafasi ya kusafiri, kilimwondolea kodi maalumu waliyotozwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, kilikuwa tiketi ya kupiga kura katika Mkoa wa Kati. Matokeo yalionekana mara moja. Eliud Mathu, mwakilishi wa kwanza wa Kiafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, aliangushwa na Bernard Mate, mtu wa Meru. Wameru wengi walikuwa na vyeti, Wakikuyu wengi hawakuwa navyo.

Ardhi ndiyo iliyoumiza zaidi. Sheria za wakati huo ziliruhusu kutaifishwa kwa mashamba ya wapiganaji, na mpango wa kuunganisha vipande vya ardhi na kutoa hatimiliki uliharakishwa kuanzia mwaka 1954, wakati maelfu ya wenye mashamba wakiwa kizuizini. Kamati za wazee waliokaa nyumbani, wengi wao wenye vyeti vya utii, ndizo zilizoamua mpaka upite wapi. Aliyetoka kambini alikuta mpaka umekwisha kuwekwa. Kwa upande mwingine, tarehe 18 Januari 1955 Gavana Evelyn Baring alitangaza msamaha uliowahusu pia walinzi wa serikali waliokuwa wametenda makosa. Utii ulilipa, na ulisamehewa.

Uhuru wa mwaka 1963 haukugeuza mizania hiyo kwa urahisi ambao mtu angetarajia. Mau Mau iliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku hadi Agosti 2003. Marufuku ilipoondolewa ndipo wazee walipoweza kujiunga katika chama chao na, kwa msaada wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, kufungua kesi London Juni 2009. Serikali ya Uingereza ilijibu kwanza kwamba deni, kama lipo, lilirithiwa na Jamhuri ya Kenya, kisha kwamba muda umepita mno. Jaji Richard McCombe alikataa hoja ya kwanza Julai 2011 na ya pili tarehe 5 Oktoba 2012.

Kilichowaokoa wadai kilikuwa karatasi za upande wa pili. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi huko Hanslope Park maelfu ya mafaili ya makoloni yake ya zamani, yaliyosafirishwa kimyakimya wakati wa uhuru. Ndani yake kulikuwa na barua za maofisa wa Kenya wakijadili vipigo kambini. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walizipitia na kutoa ushahidi. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alieleza Bungeni masikitiko ya serikali yake na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Jambo la kuzingatia ni kwamba hawa hawakutakiwa kuthibitisha uaminifu kwa yeyote. Walithibitisha mateso: kovu, mfupa ulioungana vibaya, maelezo yaliyolingana na rekodi za kambi.

Kundi la pili halikuwa na bahati hiyo. Zaidi ya Wakenya 40,000 walifungua kesi nyingine London, na mwaka 2018 mahakama ikakataa madai ya mfano yaliyochaguliwa kuwawakilisha. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita, wasimamizi wa kambi walikuwa wamekufa, na jaji aliona kesi haiwezi kuendeshwa kwa haki. Mtu anaweza kuuelewa uamuzi huo kisheria na bado akauona mchungu, kwa sababu sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokana na mafaili kufichwa na chama kupigwa marufuku.

Uganda inatoa picha iliyo karibu zaidi na ile ya Marekani. Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake walishambulia kambi ya Kabamba, wakaanzisha vita vilivyoendeshwa zaidi katika eneo linaloitwa Pembetatu ya Luweero, hadi walipoiteka Kampala tarehe 26 Januari 1986. Jeshi la msituni lilikula kwa wanakijiji: mihogo, ndizi, ng'ombe. Waasi walipokuwa serikali, waliowalisha walirudi kudai. Tofauti na Marekani, hapa mdai alitakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa mtiifu kwa waasi, yaani kwa wale ambao sheria ya siku ile iliwaita wahalifu. Ushahidi wa namna hiyo ndio ambao mtu mwenye akili hakuuweka. Kukutwa na karatasi iliyosema umetoa ng'ombe kwa jeshi la msituni, mbele ya askari wa Rais wa wakati huo Milton Obote, kulitosha kukuua.

Kwa hiyo uthibitisho ulitegemea vinywa: kamanda aliyekumbuka jina, wazee wa mabaraza ya siri ya vijiji, wenzao wa vita. Ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu kuna waziri wa nchi anayeshughulikia Luweero, na malipo kwa raia waliosaidia vita huitwa kasiimo, asante kwa Kiganda. Jina hilo linafaa kuchukuliwa kwa uzito, kwani asante haihesabu ng'ombe. Majina yamehakikiwa, yakahakikiwa tena, na malalamiko ya majina hewa na ya wazee halisi waliosahauliwa yamefika Bungeni mara nyingi. Kamanda akifa, wale aliowajua wamepoteza shahidi wao pekee.

Kaskazini na mashariki mwa nchi hiyo hiyo swali lilikuwa gumu zaidi. Waacholi, Walango na Wateso walipoteza mifugo yao karibu yote baada ya mwaka 1986, kwa wezi wa mifugo kutoka Karamoja, kwa waasi na kwa askari wa serikali. Wengi wao walichukuliwa kuwa washirika wa waasi. Huko Mukura, tarehe 11 Julai 1989, watu 69 walioshukiwa hivyo walikufa kwa kukosa hewa baada ya askari kuwafungia ndani ya behewa la treni. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilileta hali ya ajabu: mpiganaji aliyeiacha silaha alipewa cheti cha msamaha pamoja na fungu la kuanzia maisha lililokuwa na shilingi 263,000 za Uganda, na zaidi ya watu 26,000 walipata cheti hicho, huku jirani aliyechomewa nyumba akirudi kutoka kambi ya wakimbizi mikono mitupu. Msamaha uliwashawishi wapiganaji watoke msituni, na hilo liliokoa maisha. Hata hivyo uliwafundisha wanakijiji kwamba aliyebeba bunduki ana faili serikalini na aliyenyang'anywa ng'ombe hana.

Njia ya tatu, isiyouliza kabisa swali la upande, imejaribiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Tarehe 28 Februari 2024 mahakama hiyo iliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa wahanga wapatao 49,772 wa Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa Lord's Resistance Army aliyehukumiwa kwa mashambulizi ya kambi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok pamoja na makosa mengine. Kipimo ni mizania ya uwezekano: je, kuna uwezekano mkubwa kuliko mdogo kwamba mtu huyu aliumizwa na makosa yaliyothibitishwa? Asiye na kitambulisho anaweza kuletewa shahidi. Kila anayestahili atapata euro 750 kama ishara, nje ya huduma za pamoja kama matibabu. Hakuna anayeulizwa kama alimpa mwasi maji ya kunywa.

Tukiziweka njia hizi pamoja, kipimo cha utii kinaonekana kuwa kibovu kwa sababu mbili. Humpendelea aliyekuwa karibu na wenye madaraka, kwa kuwa ndiye mwenye mashahidi wanaoaminika; na humwadhibu mwanakijiji kwa lile ambalo vita humlazimisha kila mtu afanye, yaani kumpa chakula yeyote anayekuja na silaha usiku. Swali la mali, hata likiwa gumu, hujibika: jirani anajua fulani alikuwa na ng'ombe wangapi. Swali la moyo hujibiwa kwa chuki na urafiki wa jirani huyo huyo.

Njia ya Ongwen nayo ina kasoro yake, na ni kubwa. Mahakama ilimkuta Ongwen hana mali, hivyo malipo yanategemea Mfuko wa Wahanga wa mahakama hiyo, na mfuko huo unategemea michango ya hiari ya nchi na watu binafsi.